Mtani wa Uongo wa Kamalondo

Simu ya Jozefina ilinikuta Lukafu, nimekaa juu ya gunia napepeta maharagwe na kugombana na kuku. "Mutani," akasema, "Mama alisha kutuacha leo asubui." Nyuma yake nikasikia wanawake wakianza kulia, kisha mlango ukifungwa, kisha sauti yake tena, ndogo zaidi: "Kuya. Na ukuye vile ulikuyaka ile siku." Nikamwambia nakuja. Sikumwambia kwamba sikujua kama nitaweza. Maana mimi na Mama Feliya tulikuwa na ahadi yetu, na ahadi yenyewe ilikuwa hii: siku atakapokufa, wote wakiwa wanalia, mimi nitaingia kwenye lupango lake, ule ua wa nyumba yake, kwa vigelegele, na nitamcheka mbele ya watu mpaka nao wacheke. Nilipoahidi nilikuwa msichana, na yeye alikuwa na mikono ya kunyanyua sufuria ya watu arobaini. Ni rahisi kuahidi kumcheka mtu ambaye humuoni akifa.

Mambo ya nyumbani kwetu, nani alimzaa nani na nani alitoka Manono kwa treni gani, nawaachia wajomba zangu wanaoyapenda. Mimi nataka mwaka mmoja tu. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza sekondari, nangoja barua ya chuo kikuu iliyokuwa inakuja kwa mwendo wa kinyonga. Nchi ilikuwa bado inaitwa Zaire na sisi tulikuwa bado tunaitana sitwayeni, yaani raia. Katika kungoja huko nikapata kazi kwa Papa Kalenga, mpimaji wa reli aliyestaafu, ambaye alikuwa anatembeza wageni mjini Lubumbashi kwa miguu. Alikuwa mwembamba, viatu vyake viking'aa hata kwenye matope, na alihesabu kila kitu kwa hatua kama alivyozoea kuhesabu mataruma. Siku ya kwanza alinitazama kutoka chini kwenda juu, akakaa zaidi kwenye miguu. "Miguu iko muzuri," akasema. "Mudomo, tutaona."

Tulianzia kila mara nyumbani kwake, katika mtaa uitwao Kenya, kwenye sebule yenye kiti kimoja kizima na saa ya ukutani iliyosimama. Alinipa chai ya maziwa na mkate, na juu ya meza akatandaza ramani aliyoichora mwenyewe nyuma ya mfuko wa sementi. Niliruhusiwa kuitazama mpaka chai iishe, basi. Kuichukua njiani ilikuwa marufuku. Alisema mtu anayeongoza wageni huku anasoma karatasi ni sawa na mgeni mwingine tu, tena mgeni aliyefika jana. Kwa hiyo nilijifunza mji kwa kumeza: stesheni, maduka ya zamani yenye vibaraza, mijakaranda inayomwaga maua ya zambarau mwezi wa kumi, kanisa kuu la matofali mekundu. Kisha ile sehemu iliyoachwa tupu na wakoloni kati ya mji wao na mtaa wetu, ambayo yeye alitaka ipitwe bila neno. Sasa imejaa majengo, mgeni hawezi kuiona, lakini Papa Kalenga aliijua ilikoanzia na ilikoishia kwa hatua, na katika hatua zote hizo hakufungua mdomo. Wageni waliuliza, "Kuna nini hapa?" Yeye akatembea tu. Walipofika ng'ambo ndipo akawaambia kwamba wametembea umbali ambao baba yake alikatazwa kuuvuka baada ya saa fulani ya jioni.

Mwisho wa safari ulikuwa mtoni, na mtoni ndipo wageni walipovunjika moyo. Walikuwa wamesoma kwamba mji unaitwa kwa jina la mto, wakategemea mto wa kutisha. Wakaonyeshwa Lubumbashi, maji ambayo mbuzi mwenye haraka angeyaruka. Bomba kubwa la moshi na ule mlima mweusi wa makapi ya shaba vinasimama juu yake kama wakubwa juu ya mtoto. "C'est tout?" waliuliza, ndiyo haya tu? Papa Kalenga alikuwa anaipenda hiyo dakika. "Ndiyo, njo ye," akajibu. "Aliitwa kuleta maji pa moto ya shaba, akaleta. Siye bengine bote tulikuya nyuma yake." Nami niliyetafsiri kwa Kifaransa kizuri cha masista niliona aibu kidogo kwa ajili ya ule mto. Siku hizi naona aibu kwa ajili ya ile aibu.

Lakini moyo wa matembezi ulikuwa Kamalondo, kwa Mama Feliya. Nyumba yake ilikuwa moja ya zile za zamani kabisa za mtaa, kuta nene, madirisha madogo. Wageni waliingia uani, wakaona chumba cha mbele kilivyokuwa na sakafu iliyopakwa nta nyekundu, picha ya Bikira Maria, na redio ya mumewe, Papa Donat, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama mtoto mchanga. Kisha tulikaa chini ya paa la jiko tukala bukari, ndio ugali, kwa sombe ya majani ya muhogo na bitoyo, samaki wa chumvi wanaonuka mpaka barabara ya tatu. Mama Feliya alikuwa mpana, mwepesi wa kucheka, na hakuna aliyepika mbele yake akapona. Alinyanyua kifuniko cha sufuria ya mtu yeyote, akaonja kwa ncha ya kidole, akafumba macho, na kama chumvi ilikuwa haitoshi aliuliza kwa sauti ya huzuni kabisa: "Kwani nani alikufa?" Maana chakula cha kilio, wanawake wakipika huku wanalia, husahauliwa chumvi. Mimi nilipikia mbele yake mara tatu mwaka ule, na mara tatu alikufa mtu.

Ili uweze kuingiza watu katika nyumba kama ile, Papa Kalenga alikuwa na sheria moja aliyoiita kuomba njia. Siku moja kabla ya wageni, unatembea safari nzima peke yako. Unapiga hodi kila mahali mtakaposimama, unakaa, unauliza habari za wagonjwa, unakunywa maji unayopewa, ndipo unaomba: kesho nitapita na watu, je, mlango uko wazi? Safari ya saa tatu ikawa saa sita. Mimi niliona ni upuuzi wa wazee. Wanatujua, kila mara wanakubali, kwa nini tuombe tena? Nilimuuliza hivyo siku moja. Alikuwa anapiga viatu vyake brashi, hakuinua macho. "Kwa sababu ile nyumba iko na benyewe," akasema. Nikaona hilo si jibu.

Mwezi wa jakaranda Papa Kalenga akashikwa na malaria. Jumamosi ilikuwa na wageni sita, na kati yao bibi kikongwe mmoja wa Ulaya mwenye kofia ya ukindu, aliyezaliwa mjini hapa na kurudi kuona mara ya mwisho. Papa Kalenga, meno yakigongana chini ya blanketi mbili, akanikabidhi safari. Nilifurahi mpaka nikaona aibu kufurahi mbele ya mgonjwa. "Kesho Ijumaa uombe njia," akasema. Nikasema ndiyo. Ijumaa ikanyesha. Ilikuwa mvua ya kwanza, inswa, ndio kumbikumbi, wakatoka ardhini kwa maelfu, nikabaki nyumbani nikiwaokota na kuwakaanga na wadogo zangu. Nikajiambia njia inajulikana. Isitoshe nilikuwa najua habari zote za kwa Mama Feliya: Jumamosi hiyo ilikuwa harusi ya binti yake Jozefina. Nikaona nitawapa wageni kitu ambacho hata Papa Kalenga hakuwahi kuwapa.

Basi Jumamosi niliongoza vizuri, lazima niseme. Nilihesabu hatua, nilinyamaza pa kunyamaza. Tulipokaribia Kamalondo nikawaambia wageni kuna bibi harusi, na kwetu huwezi kuingia kwa bibi harusi kimya kimya kama mtu wa kodi. Nikawafundisha vigelegele pale pale barabarani. Kikongwe wa kofia aliweza mara moja. Alisema yaya wake alimfundisha utotoni, ulimi wake haukusahau. Mbele yetu nikaona matawi ya mitende mbele ya lupango la Mama Feliya, nikafurahi. Hatukusikia wimbo wala ngoma, nikadhani wanakula. Nikahesabu moja, mbili, tatu, tukaingia saba kwa pamoja na vigelegele vya kupasua anga.

Uwanja ulikuwa umejaa watu, na watu wote walikuwa kimya. Wanaume kwenye mabenchi, wanawake chini kwenye mikeka, vitambaa vimefungwa kichwani, rozari mkononi. Papa Donat alikuwa amekufa hospitalini siku iliyotangulia, ghafla, mchana, wakati mimi naokota inswa. Vigelegele vyangu viliisha kwanza, vya wageni vikafuata kimoja kimoja, cha mwisho kikiwa cha yule kikongwe, ambaye macho yake hayakuona vizuri. Nilitaka ardhi inimeze, na ardhi ya Kamalondo ni ngumu. Shangazi mmoja akainuka na kandambili mkononi, na ninajua ilikuwa inakuja kwangu. Ndipo Mama Feliya, ambaye alikuwa amekaa katikati ya mkeka mkuu na macho makavu kabisa, akafungua mdomo.

"Weye mutoto," akauliza, "uko mutani wetu?"

Asiyetoka kwetu lazima aelezwe hapa. Kuna watu wenu na kuna watani wenu, kabila nyingine mliyorithi utani nayo kutoka kwa mababu. Mtani anakuja kilioni kucheka mahali wengine wanalia. Anavaa kofia ya marehemu, anaiga mwendo wake, anazuia jeneza lisitoke. Hakuna anayemkasirikia, maana yeye pia ndiye anayechota maji, anayekoroga bukari, anayeosha vyombo wafiwa wakiwa wamekaa. Mama Feliya alinijua. Alijua watu wangu wametoka Manono kama watu wake, damu moja, watani wetu wamoja. Aliniangalia bila kupepesa, akangoja.

"Ndiyo, Mama," nikasema.

"Mutani wa wapi?" akauliza shangazi wa kandambili.

"Wa Luapula," nikajibu. Luapula sijawahi kuiona mpaka leo.

"Basi," akasema Mama Feliya, "sufuria iko kule."

Lakini mtani hawezi kwenda kwenye sufuria bila kuchekesha, na watu wote walikuwa wananitazama. Juu ya msumari wa mlango ilining'inia kofia ya Papa Donat. Nikaichukua, nikaivaa, nikakaa kwenye kiti chake ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia. Nilikuwa nimemwona mara nyingi akisikiliza mpira: redio begani, sikio limebanwa, na kabla ya nusu ya pili kichwa kinaanguka, analala fofofo, mpaka kelele za majirani zimwamshe. Nikachukua sahani ya bati, nikaiweka begani, nikasikiliza. Nikaacha kichwa kianguke. Nikakoroma. Kisha nikaruka: "Eh! Eh! Nani alishinda?" Mzee mmoja kwenye benchi akapiga paja lake, wanaume wakaanza kucheka, na Mama Feliya akacheka pia, akacheka akishika tumbo, na katikati ya kicheko machozi yakaja. Alilia kwa sauti kubwa, wanawake wakamfuata, na mimi nikakimbilia jikoni nikiwa bado na kofia ya marehemu kichwani.

Nilipochungulia baadaye, wageni wangu walikuwa wamepokelewa kama wageni wa kilio. Wanaume walikuwa kwenye benchi, wameshika sahani za bukari. Kikongwe alikuwa amevua kofia yake, amekaa mkekani kati ya wanawake, miguu imenyooshwa mbele. Hawakuona mto siku ile, na hakuna aliyelalamika. Nami niliosha vyombo mpaka vidole vikakunjamana. Nikiwa nyuma ya ukuta wa jiko nikasikia sauti ya Papa Kalenga. Alikuwa amekuja na homa yake, amevaa koti la baridi juani.

"Mama Feliya," alisema, "miye njo nilimutuma. Haya ni yangu. Njia ya hapa nitaifunga, bageni habatapita tena."

Nikaacha kusugua. Bila Kamalondo hakukuwa na matembezi, na bila matembezi Papa Kalenga alikuwa mzee mwenye saa iliyosimama. Nilikuwa nimemmaliza kwa sahani moja ya inswa.

"Tata Kalenga," akasema Mama Feliya, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia, "tangu jana banasema pole, pole, pole. Nilikuwa jiwe. Sikulia hata kidogo, nilifikiri njo nitakufa na miye. Ule mutoto alinitoa machozi. Njia haifungwe. Lakini akuye hapa kila siku, aoshe bintu, mupaka kilio iishe."

Nilikuja kila siku. Papa Kalenga hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Siku alipopona alinipeleka mbele ya lile lango, akanionyesha kwa kidevu mashimo mawili barabarani. "Matawi ya harusi inafungwaka pa mulango," akasema. "Ya kilio inapandwaka mu barabara. Ulipita katikati yake." Basi. Tangu hapo niliomba njia kila mara, hata kwenye mvua, nikanywa maji ya kila nyumba, nikajua nani ana mguu unaouma na nani ana mtoto Kolwezi asiyeandika. Nikaona pia kwamba wageni walipofuata kesho yake watu hawakuwatazama wao, walinitazama mimi, na milango ilikuwa wazi kabla hatujafika. Jozefina aliolewa baada ya Pasaka. Siku hiyo matawi yalikuwa yamefungwa langoni, niliyashika kwa mkono kuhakikisha, na mtaa mzima ulinicheka.

Barua ya chuo ilipofika nilikwenda kumuaga Mama Feliya. Nilikuwa nimebeba ule uongo mwaka mzima na ulikuwa unaniwasha. Nikamwambia: Mama, mimi si mtani wenu, sisi ni watu wamoja.

"Unafikiri miye niko kipofu?" akasema. Alikuwa anatwanga sombe, hakusimamisha mchi.

"Sasa kwa nini uliniuliza vile?"

"Ulisimama pale kama mwizi wa kuku. Muntu akisha kufika mu kilio, unamupatia kazi." Akatwanga mara mbili, tatu. Kisha akanitazama, naye alikuwa anatabasamu. "Ule uongo, uuchunge muzuri. Siku yangu utakuya kunicheka. Si kulia, unasikia? Benye kulia bako mingi."

Nikaahidi. Nikaenda kusoma, nikafundisha jiografia miaka yote ya kazi yangu, na kila kilio cha nyumba ile nikaitwa kama mtani, nikaenda, nikacheka na kuosha. Cha Papa Kalenga kilinishinda: niliingia nimevaa viatu vyake vilivyong'aa, nikahesabu hatua tatu, nikakaa chini nikalia kama mtu yeyote. Mama Feliya aliona. Kwa hiyo mnaelewa kwa nini, juu ya lile gunia la maharagwe, sikujua kama nitaweza.

Lori la mahindi lilinishusha mjini kesho yake. Ningeweza kupanda pikipiki mpaka langoni. Nilikwenda stesheni kwanza, nikaanzia pale, na begi langu kichwani, katika baridi ya mwezi wa sita na vumbi. Hatua zangu sasa ni fupi, hesabu ya Papa Kalenga hainitoshi tena, inabidi niongeze. Mijakaranda ilikuwa mitupu. Pale pa kunyamaza nilinyamaza, ingawa kijana wa kadi za simu alinisalimu mara mbili na huenda aliniona sina adabu. Njia nzima nilikuwa najaribu kumkumbuka Mama Feliya kwa namna ya kuchekesha, na kila nilichokumbuka kiliniuma: mikono yake, sakafu nyekundu, namna alivyonihifadhia mkia wa samaki. Nikafika Kamalondo sina kitu.

Matawi yalikuwa yamepandwa barabarani. Safari hii niliyaona. Nikaweka begi chini, nikajifunga kitenge vizuri kiunoni, nikapita katikati yake, nikapiga kigelegele. Kilitoka kibovu, cha bibi wa miaka sitini, kikakatika katikati. Vijana wasionijua wakageuka, mmoja akainuka kuja kunitoa. Nilisimama pale, na nilijua kabisa ninangoja nini: nilikuwa nangoja Mama Feliya aniulize.

Jozefina alikuwa katikati ya mkeka mkuu, mahali pa mama yake. Uso wake ulikuwa umevimba.

"Weye mutoto," akaniita, yeye ambaye nimemzidi mwaka mmoja tu, "uko mutani wetu?"

"Ndiyo, Mama," nikasema.

"Basi sufuria iko kule."

Nikaenda. Walikuwa wananitazama wote, mpaka wanakwaya. Sufuria ilikuwa ile ile kubwa, sombe ikichemka. Nikanyanyua kifuniko, nikachovya ncha ya kidole, nikaonja, na sikuigiza: walikuwa wamesahau chumvi. Nikafumba macho. Nikapanua mabega mpaka nikawa mpana kama yeye, nikawageukia, nikauliza kwa sauti yake ya huzuni kabisa:

"Kwani nani alikufa?"

Jozefina ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka mpaka akaanguka ubavuni kwenye mkeka, akalia, wote wakalia, na mimi nikaenda kutafuta chumvi.